Diwali ya Kakamega: Sikukuu ya Wachache ni Kipimo cha Wengi

Jumatatu ya Oktoba 20, 2025 ilibeba mambo matatu kwa siku moja. Serikali iliadhimisha Siku ya Mashujaa kule Kitui. Taifa zima lilikuwa ndani ya siku saba za maombolezo ya Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 15 katika jimbo la Kerala, India, akazikwa Bondo siku ya Jumapili. Na jioni ya Jumatatu hiyohiyo, ndugu zetu Wahindu waliwasha taa za Diwali.

Wakenya wengi walijua mawili ya kwanza. La tatu lilipita bila wengi kulitambua, na huko ndiko kupita kwa Diwali nchini mwetu kila mwaka. Imo katika sheria za Kenya, lakini ukimuuliza mtu wa kawaida sokoni, ataduwaa.

Leo nataka tuitazame sikukuu hii kupitia Kakamega, wala si Mombasa. Huku Pwani jambo hili ni jepesi. Mahekalu tumeyazoea tangu utotoni, la Swaminarayan liko barabara ya Haile Selassie, na lile la Majaini liko ndani ya mji. Mtu wa Mji wa Kale haulizi Diwali ni kitu gani, kwani akiona taa madirishani anajua. Kipimo cha nchi yenye dini nyingi hakipatikani mahali ambapo jirani amezoeleka kwa karne kadhaa. Hupatikana pale ambapo jirani huyo ni mmoja au wawili mtaani, na hakuna anayemhesabu.

Wachache kiasi gani?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Wahindu walikuwa 60,287. Hawafiki hata wawili katika kila elfu, na wengi wao wako Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kaunti ya Kakamega peke yake ilikuwa na watu 1,867,579, walio wengi wakiwa Wakristo wa madhehebu ya kila aina: Wakatoliki, Waquaker, Church of God na makanisa ya Kiafrika yaliyoanzishwa na wenyeji wenyewe. Waislamu nao wapo, hasa upande wa Mumias. Kwa hivyo Mhindu wa Kakamega ni mchache katikati ya wachache.

Kabla sijaendelea, kuna neno moja la kunyoosha. Mhindi si lazima awe Mhindu. Mhindi ni asili, Mhindu ni dini. Miongoni mwa Wahindi wa Kenya wako Waislamu wa Kisunni, Maismaili, Mabohora, Makalasinga, Majaini na Wakatoliki wa Kigoa. Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi Februari 1965, alikuwa Mgoa. Makhan Singh, mwana wa vyama vya wafanyakazi aliyefungwa na mkoloni zaidi ya miaka kumi, alitoka katika jamii ya Makalasinga. Serikali ilipotangaza Julai 2017 kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, iliwaweka wote hao kapu moja. Katika hesabu za kisiasa kapu hilo lina faida yake. Katika ibada halina maana yoyote.

Hata Diwali yenyewe hubeba maana zaidi ya moja. Kwa Wahindu wengi ni ukumbusho wa kurejea kwa Rama nyumbani Ayodhya, na ni usiku wa kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa neema na mali. Majaini hukumbuka kufariki na kukombolewa kwa Mahavira. Makalasinga hukumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior, enzi za mfalme wa Kimughal Jahangir. Kwa Wagujarati, ambao ni wengi katika wafanyabiashara wetu, ni wakati wa kufunga hesabu za mwaka, kuombea vitabu vya duka na kufungua ukurasa mpya.

Jambo moja Waislamu tutalielewa haraka: Diwali nayo hufuata mwezi. Sisi tunautafuta mwezi mwandamo, wao wanaungoja usiku usio na mwezi kabisa. Tofauti ni kwamba kalenda yao huongeza mwezi kila baada ya miaka michache ili isiache majira, ndiyo maana Diwali haitoki nje ya Oktoba na Novemba, ilhali Ramadhani yetu huzunguka mwaka mzima. Mwaka huu wa 2026 itaangukia Jumapili, Novemba 8.

Sheria yasemaje

Kenya ina Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110. Ndani yake sikukuu zimegawanywa mafungu. Liko fungu la watu wote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi na siku inayofuata, pamoja na Idd-ul-Fitr. Kisha liko fungu la pili, ambamo Idd-ul-Azha ni sikukuu ya wafuasi wa dini ya Kiislamu, na Diwali ni sikukuu ya wafuasi wa dini ya Kihindu.

Tazama vizuri mpangilio huo. Katika fungu hilo la pili, Muislamu na Mhindu wamekalishwa mkeka mmoja. Idi yetu kubwa, ile ya kuchinja, ile ya mahujaji, katika maandishi ya sheria ina daraja sawasawa na Diwali.

Kilichobadilika ni vitendo. Kwa miaka kadhaa sasa waziri anayehusika na usalama wa ndani huchapisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na Idd-ul-Azha ikawa mapumziko kwa wote. Tumefika hapo kwa sababu sisi ni zaidi ya milioni tano, takriban 11 katika kila 100, na kwa sababu viongozi wetu walidai mwaka baada ya mwaka. Lakini msingi wake bado ni tangazo, na tangazo huja kwa hiari ya waziri. Mara ngapi tumekaa tukisubiri, kazi hatujui kama ipo, shule hatujui kama zimefungwa, hadi siku imekaribia kabisa ndipo karatasi inatoka?

Basi ikiwa jamii ya milioni tano bado inasubiri karatasi, jamii ya elfu sitini itasubiri nini?

Katiba ya 2010 haina utata. Kifungu cha 8 chasema Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na haki ya kuadhimisha siku ya ibada, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au masomo kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yakataza ubaguzi wa dini kazini. Kwa karatasi tumekamilika.

Mahakamani mambo yamekuwa ya mawimbi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wanafunzi Waadventista waliokuwa wakilazimishwa kuhudhuria masomo Jumamosi, siku yao ya Sabato. Lakini Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule moja ya Isiolo, na sababu kubwa ilikuwa namna madai yalivyofikishwa mahakamani. Funzo la kesi hizi mbili ni kwamba haki ya dini iko katika Katiba, ila mwenye haki ndiye mwenye kazi ya kuidai, hoja kwa hoja, shule kwa shule. Waadventista ni wengi na wana kanisa la kuwalipia mawakili. Mtoto wa Kihindu aliye peke yake darasani Kakamega hana kanisa wala msikiti wa kumsemea.

Na hapo pana jambo zito: mitihani. KCSE hufanywa Oktoba na Novemba, majira yaleyale ya Diwali. Mwaka huu siku yenyewe ni Jumapili, kwa hivyo tumenusurika. Lakini Diwali ni siku kadhaa zinazofuatana, na mwaka mwingine itaangukia katikati ya wiki ya karatasi za hesabu. Sisi tunajua ladha ya jambo hili. Tungekubali watoto wetu waketi mtihani asubuhi ya Idi?

Kakamega si mgeni wa wageni

Kuna wanaosema mambo ya Wahindi ni ya miji mikubwa, kwamba Kakamega ni nchi ya Waluhya na isukuti, basi. Historia yawapinga.

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka huku kwetu ilifika nchi ya Wanga, zama za Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia. Walipokewa. Wakalala, wakala, wakafanya biashara, wakaswali. Wengi wa ukoo wa Nabongo waliingia Uislamu, na Mumias ikawa kitovu cha dini yetu upande wote wa magharibi. Msikiti wa Mumias uliota mizizi kwa sababu mwenyeji alikubali kumpa mgeni nafasi ya kusali kwa namna yake. Hili Mpwani hafai kulisahau hata siku moja. Sisi wenyewe tulikuwa wageni wachache kule, na imani yetu ilionekana ngeni.

Wahindi walikuja kwa njia ya reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kuijenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, na takriban 2,500 walikufa kazini. Walio wengi walirudi kwao. Kati ya 6,000 na 7,000 walibaki, na baada yao wakaja wenye maduka. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, mlango wa magharibi ulifunguka. Chumvi, sukari, majembe na marekani vikapanda hadi vituo vya ndani. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, mji ukajaa watu wa kila rangi, na mwenye duka akafuata wateja.

Kwa nini basi leo wamebaki wachache? Sababu moja ni sheria. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi nje ya katikati ya miji mikubwa. Wahindi wengi walikuwa na pasi za Uingereza. Wenye maduka katika miji midogo wakafungasha, wengine wakaenda Kisumu na Nairobi, wengine London na Leicester. Ilikuwa ni haki ya Mwafrika kupata nafasi katika biashara, hilo silipingi. Lakini tusijifanye kwamba uchache wao Kakamega ni wa maumbile.

Leo tukisema Mhindi Kakamega, neno linalofuata ni sukari. Kiwanda cha West Kenya kule Kabras ni cha familia ya Rai. Kampuni ya Sarrai ya Uganda, nayo yenye wamiliki wa asili ya Kihindi, ilikodishiwa Mumias Desemba 2021 baada ya kiwanda hicho kuanguka kwa madeni. Mkulima wa miwa aliyekaa miaka bila malipo ana haki ya kukasirika. Ana haki ya kuuliza mkataba uliandikwaje na nani alifaidika.

Ila hasira hiyo ina mazoea ya kupotea njia. Inaanza kwa kampuni, inapita kwa "Wahindi," inaishia kwa mwenye duka la vitambaa ambaye hajawahi kugusa muwa. Mumias haikuangushwa na dini ya mtu. Walioiendesha katika miaka ya kuporomoka walikuwa wa makabila na dini mbalimbali, Wakenya wenzetu. Anayetaka kuwashtaki wamiliki wa viwanda aende mahakamani na Bungeni na nyaraka mkononi. Asiyeweza kutofautisha kampuni na kabila atatupeleka tulipokwisha kupaona.

Na tumepaona. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Siku ya mwisho ilikuwa Novemba 8, 1972. Mwaka huu Diwali imeangukia tarehe hiyohiyo, Novemba 8, miaka 54 baadaye. Huku kwetu nako, katika jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, maduka na nyumba za Wahindi wa Nairobi yaliporwa, na familia zikadhalilishwa. Aliyeporwa hakuulizwa kama ni Mhindu, Muislamu au Mgoa. Kapu lilikuwa moja.

Na sisi Waislamu?

Kila mwaka swali hurudi misikitini na katika makundi ya simu: Muislamu yafaa amtakie Mhindu heri ya Diwali? Mimi si shekhe, na fatwa nawaachia wenye elimu yake. Masheikh wenyewe wana kauli tofauti kuhusu salamu za sikukuu, na kila mmoja ana hoja zake. Lakini yako mambo ambayo sijasikia yakipingwa.

La kwanza, kushiriki ibada ni kitu kimoja, na kuishi kwa wema na jirani ni kitu kingine. Surat al-Kafirun imetenga dini na dini. Surat al-Mumtahina imeruhusu wema na uadilifu kwa wale wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Na Surat al-An'am imekataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine. Hayo matatu yanatosha kumwongoza mtu muungwana hadi Novemba na kuendelea.

La pili, kutambua haki ya mtu kupumzika siku yake si kukubali itikadi yake. Mkristo mwenye kiwanda anapompa Muislamu ruhusa ya Idi hajasilimu. Kadhalika sisi tukisema mtoto wa Kihindu asifanyiwe mtihani siku ya Diwali, tauhidi yetu haijapungua chochote.

Tuna methali yetu ya zamani: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Wazee waliitumia kumsuta mtu anayemchukia mwingine huku akitumia mali yake. Siku hizi wapo wanaoitumia kinyume, kama ruhusa. Wanataka kiatu bila Baniani. Wanataka mchango wake wa harambee, kambi yake ya bure ya macho, mkopo wa bidhaa dukani, lakini sikukuu yake iwe siri yake. Methali ilikusudiwa kutuaibisha, na bado inafaa kazi hiyo.

Upande wa pili wa kaunta

Haitakuwa haki nikiwatazama wengi tu na kuwaacha wachache. Lawama ya kwamba Wahindi hujitenga haikuzuka hewani. Mfanyakazi Mluhya anaweza kufanya kazi dukani miaka kumi, apange taa na maua ya Diwali kila mwaka, na asiwahi kuambiwa zile taa ni za nini. Hupewa boksi la mithai mlangoni na kuagwa.

Na kuna suala la mshahara. Sheria imeifanya Diwali sikukuu ya Mhindu. Mwenye duka anapofunga, msaidizi wake asiye Mhindu amekosa kazi siku hiyo bila kupenda. Je, kibarua wa kutwa analipwa? Uadilifu wasema mwenye kufunga kwa hiari yake asimkate aliyekuwa tayari kufanya kazi. Sikukuu ya neema ikimwacha mpagazi bila unga jioni, mpagazi ataikumbuka kwa njaa, na mwanasiasa atajua pa kumkuta.

Fataki nazo zina sheria yake, zinahitaji kibali. Jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ana haki ya kujua zitalipuliwa saa ngapi. Hilo ni jambo la kubisha hodi tu.

Nini kifanyike

Sipendekezi Diwali iwe mapumziko ya nchi nzima. Trinidad na Mauritius zimefanya hivyo, lakini kule Wahindu ni sehemu kubwa ya wananchi. Kenya ikianza kufunga kazi kwa kila sikukuu, kibarua ndiye atakayelipa. Ninachoomba ni vitu vinne vidogo.

Kwanza, wizara itoe mwanzoni mwa kila mwaka tarehe za Diwali na za Idi zote mbili, hata ikiwa Idi itaandikwa kwamba yategemea mwandamo. Mwaka huu Diwali ni Jumapili: je, mfanyakazi Mhindu atapumzika Jumatatu? Swali la namna hiyo lisisubiri jioni ya Jumamosi.

Pili, Baraza la Mitihani liwe na kanuni iliyoandikwa kuhusu mitihani na sikukuu za dini zilizo katika sheria. Kanuni hiyo itamlinda Mhindu, na itamlinda Muislamu miaka ambayo Idi itafika majira ya mitihani, kwani Hijria inazunguka na zamu yetu haikosi kuja.

Tatu, waajiri, pamoja na serikali za kaunti, waweke utaratibu wa ruhusa ya sikukuu ya dini ambao mtu hatakiwi kubembeleza. Kakamega inaweza kuanza. Kaunti iliyoandaa Mashujaa ya kitaifa mwaka 2018 pale Bukhungu haishindwi na waraka wa ukurasa mmoja.

Nne, Waislamu wa Mumias na viongozi wetu wa Pwani tuliseme hili kwa sauti. Wahindu ni wachache mno kulisema peke yao likasikika. Sisi tuko fungu moja nao katika Sheria ya Sikukuu, na wakili anayetetea Diwali leo anatetea Idd-ul-Azha bila kujua.

Wengine wataniuliza, Mpwani ana nini na Diwali ya Kakamega? Jibu liko Mumias. Kama Nabongo na watu wake wangewaambia Waswahili wa misafara kwamba ibada ya wachache ifanywe gizani, leo adhana isingesikika katika nchi ya Wanga. Walitupa nafasi tulipokuwa wachache. Novemba 8 ni siku nzuri ya kuonyesha kwamba hatujasahau.